Uingereza kwa Njia ya Mfereji

England ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 130,000, kwa hiyo Tanzania inaizidi mara saba. Sensa ya 2021 ilihesabu watu zaidi ya milioni 56. Mvua hainyeshi kwa masika na vuli, bali mwaka mzima. Mashambani kuna ngano, ng'ombe na kondoo wengi. Mji mkuu ni London, na habari zake wasomaji wanazo tayari.

Anayetaka kuiona nchi yenyewe aachane na barabara kuu, apande boti.

Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji wa Bridgewater, uliopeleka Manchester makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley, na bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu. Matajiri walipoona hivyo, kila mmoja alitaka mfereji wake. Farasi mmoja, akitembea ukingoni na kamba, alivuta tani nyingi ambazo barabara za matope za wakati ule zisingezibeba. Baadaye treni zikaja na kuchukua mzigo. Leo boti nyingi ni za mapumziko: zina upana wa mita mbili tu na urefu unaoweza kufika mita 22, na ndani mna vitanda, jiko na choo. Mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita sita na nusu kwa saa. Anayetembea na mbwa wake kando ya maji huweza kuipita boti, na hasahau kusalimia.

Yote hayo ni mazuri, lakini kinachomteka msafiri ni loki, yaani chumba cha mawe au matofali chenye malango ya mbao mbele na nyuma, kinachoiwezesha boti kupanda kilima.

Boti huingia chini, kati ya kuta zenye ukoko wa kijani zinazotiririka maji. Malango ya nyuma hufungwa. Mtu aliye juu huchomeka mpini wa chuma na kuuzungusha. Meno ya gia yanalia ka-ka-ka, kilango kilicho ndani ya maji kinafunguka, na maji yanaingia kwa kishindo. Boti inayumba, kamba zinakaza, kisha polepole inainuka hadi waliomo wanaona tena majani na ng'ombe. Maji yakilingana pande zote mbili, mtu huegemeza mgongo kwenye boriti ndefu ya lango na kusukuma. Lango la tani kadhaa linafunguka kwa nguvu za mtu mmoja au wawili, bila mota.

Pale Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, loki 29 zinaipandisha boti mita 72 katika mwendo wa kilomita tatu hivi, na 16 kati yake zimepangwa mstari mmoja mlimani kama ngazi. Ni kazi ya nusu siku au zaidi. Boti mbili huingia ubavu kwa ubavu ili kuokoa maji, na watu wasiojuana hushirikiana mpaka juu.

Mfereji wenye loki hizo, Kennet na Avon, uliokamilika 1810, uliwahi kuachwa ukajaa magugu na malango yakaoza. Wananchi walichangishana na kujitolea kwa miaka mingi, na mwaka 1990 Malkia Elizabeth II akaufungua upya.

Hapo ndipo mtu anapoikumbuka mifongo ya Wachagga, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, iliyochimbwa kwa mikono kwenye miteremko ya Kilimanjaro kabla ya wakoloni kufika, na ikatunzwa kwa zamu za ukoo na kijiji. Mingi imekauka au kuvunjika. Ujuzi tulikuwa nao; tulichopoteza ni desturi ya kutoka na majembe bila kumngoja mfadhili.

Kwa anayekusudia kwenda: kukodi boti ya mapumziko hakuhitaji leseni, na wenye boti humfundisha mgeni kabla hajaondoka. Aende kati ya Aprili na Oktoba, kwa kuwa wakati wa baridi baadhi ya loki hufungwa ili zitengenezwe.