Msitu wa Nyungwe: Namna ya Kuyatambua Maua na Wanyama wa Milimani

Msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda, na Hifadhi ya Taifa ya Kibira, kaskazini-magharibi mwa Burundi, ni msitu mmoja uliogawanywa na mpaka wa nchi mbili. Mwaka 2023 Nyungwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ndani yake kuna aina zaidi ya 1,000 za mimea na aina 13 za wanyama wa ukoo wa nyani, wakiwemo sokwe na mbega. Wageni waupitiao kwa miguu hupiga picha nyingi za maua, lakini wengi wao hurudi nyumbani pasipo kujua walichokiona.

Sababu ya kwanza ni kwamba macho hukimbilia ua peke yake. Ua hudumu siku chache, na rangi yake hudanganya, kwani mimea miwili ya jamii mbalimbali huweza kutoa maua mekundu yanayofanana. Atakaye kuutambua mmea sharti aangalie pia jani, namna lilivyoshikana na shina, na mahali mmea uliposimama: kivulini, kandokando ya maji, au pembeni mwa njia penye jua.

Chukua mfano wa maua ya jenasi ya Impatiens, ambayo ndugu zake hupandwa sana bustanini. Hupenda unyevu na kivuli, na aghalabu hukutwa karibu na vijito. Alama yake haimo katika rangi, ambayo huwa waridi, nyeupe au nyekundu kulingana na aina. Ligeuze ua utazame nyuma yake: utaona mkia mwembamba uliopinda, na ndani ya mkia huo ndimo zilimo sukari zinazowavuta wadudu na ndege. Mbegu zake zikiwa zimekomaa, ukizigusa ganda lake hupasuka ghafla na kuzirusha mbali. Jirani yake huenda ukaiona begonia itambaayo juu ya miti. Hii hutambulikana kwa jani lake tu, hata kama haina ua, kwa kuwa nusu moja ya jani ni kubwa kuliko nyingine, kana kwamba aliyelikata hakuwa na rula.

Lobelia kubwa, ambayo Wanyarwanda huiita intomvu, haimpi mtu taabu. Huota penye mwanga, pembeni mwa barabara na mahali miti ilipoanguka, na huweza kuwa ndefu kuliko nyumba. Kileleni huwa na shada la majani marefu, na wakati wake ukifika hutokeza mkuki mrefu wa maua. Katika kinamasi cha Kamiranzovu, hata hivyo, kuna lobelia nyingine iliyo fupi zaidi, ipendayo kusimama katika maji. Mgeni huzichanganya hizo mbili kwa sababu hakuangalia ardhi iliyo chini ya miguu yake.

Mti wa umushishi, ujulikanao kitaalamu kama Symphonia globulifera, huchanua vitumba vyekundu vya mviringo ambavyo wengi hudhani ni matunda. Gome lake likijeruhiwa hutoa utomvu wa manjano. Ukiona ndege wadogo aina ya chozi wakihangaika tawini, simama papo hapo, maana wao huufahamu msimu wa mti huo kuliko kalenda yoyote.

Liko ua moja ambalo kulitambua kuna maana kubwa kuliko kutosheleza udadisi. Ukitazama ng'ambo ya bonde unaweza kuona miti iliyofunikwa na kitu cheupe, kama wingu lililotua juu ya msitu. Mandhari hiyo hupendeza sana pichani. Kwa hakika miti hiyo haijachanua. Kilichochanua ni mmea utambaao uitwao Sericostachys scandens, wa jamii moja na mchicha tunaoula mezani. Hupanda juu ya miti, huitandikia kama blanketi, huinyima mwanga na kuyavunja matawi kwa uzito wake. Chini ya blanketi hilo miche michanga haipati nafasi ya kukua.

Mmea huu si mgeni, wala haukuletwa na mtu. Ni wa asili ya milima hii, na unasumbua pia katika hifadhi ya Kahuzi-Biega nchini Kongo. Swali ni kwa nini mmea wa nyumbani umegeuka kuwa tishio. Wataalamu hutaja uharibifu wa zamani wa msitu uliofungua nafasi zenye mwanga, na pia kutoweka kwa wanyama wakubwa waliokuwa wakiula na kuukanyaga. Nyati wa Nyungwe walimalizwa na wawindaji katika miaka ya 1970, na tembo wa mwisho aliyejulikana msituni humo alikufa mwaka 1999. Tunapoitazama ile nyeupe ng'ambo ya bonde, basi, huenda tunaitazama nafasi waliyoiacha tembo. Asiyelijua jina la mmea huo atausifu msitu kwa kuchanua, na wala hatamwuliza mwongozaji wake swali lolote.

Kwa upande wa wanyama kazi ni nyepesi kidogo, ingawa subira inahitajika. Mbega ni weusi wenye nywele ndefu nyeupe mabegani, na hawana kidole gumba. Nyungwe wamepata sifa kwa kutembea katika makundi ya mamia, jambo lisilo la kawaida kwa mbega. Hula majani, pamoja na zile nyuzi za kijivu zining'iniazo matawini kama ndevu za mzee. Watu wengi huziita nyuzi hizo majani, kumbe ni ushirika wa kuvu na mwani. Kima wa L'Hoest hupenda kutembea chini, hata kandokando ya lami, na hutambulikana kwa ndevu nyeupe na mkia uliopinda ncha kama kulabu. Sokwe hana mkia kabisa. Mara nyingi kinachoonekana kwanza ni kitanda chake cha matawi yaliyokunjwa juu ya mti, kwa kuwa kila jioni hujitandikia kipya.

Kinyonga mwenye pembe tatu usoni ni dume. Jike wake hana pembe hizo, na ndiyo sababu watu huwadhania kuwa ni aina mbili. Wengi wetu tumelelewa tukimwogopa kinyonga, lakini hana sumu wala hamdhuru mtu. Usimshike tu, kwani mikono yetu humtaabisha.

Simu yenye kamera nzuri inasaidia, mradi itumike kwa utaratibu. Piga picha ya ua kwa mbele na kwa ubavu, kisha ya jani pande zote mbili, kisha ya mmea mzima mahali ulipo, na uandike urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Programu za kutambua mimea aghalabu hukufikisha kwenye jamii ya mmea. Jina kamili ni afadhali kulithibitisha kwa mwongozaji, ambaye ameuona mmea huo mvuani na kiangazini. Usichume. Kuchuma katika hifadhi ni marufuku, na ua lililokwisha nyauka mfukoni halimsaidii mtaalamu kama picha tano zilizopigwa vizuri.

Msikilizaji asiyeweza kuvuka kwenda Rwanda anaweza kuanzia upande wa Teza au Rwegura, ndani ya Kibira. Umushishi upo huko pia, na chozi wake.