Tuchukuliane Katika Kanisa

Katika vijiji vya pwani ya Ziwa Nyasa, tangu Mbaha hata Liuli, pengine husikika maneno yasiyopendeza Wakristo watokapo kanisani. Mmoja husema, "Yule amesoma kwa kigugumizi." Mwingine husema, "Hawa wa milimani hawajui kuimba." Maneno hayo ni madogo, lakini anayesemwa huyasikia, na Jumapili ifuatayo mahali pake huwa patupu. Hakuikana imani, aliona haya tu.

Basi, na tumkumbuke Padre William Percival Johnson wa Misioni ya U.M.C.A., aliyefika Afrika mwaka 1876. Katika miaka ya 1880, vipande vya meli Charles Janson vilipokuwa vikichukuliwa kuja ziwani, aliugua macho. Jicho moja likapofuka, la pili likabaki na nuru haba. Kwa akili za kibinadamu, mtu wa namna hii angeambiwa akae kwao apumzike. Yeye alirudi, akaizunguka pwani hii kwa miaka mingi, akifundisha na kuanzisha shule na makanisa, hata akafa Liuli mwaka 1928, akazikwa huko huko. Tena alifanya kazi kubwa ya kuifasiri Biblia katika Kinyanja, iliyochapishwa mwaka 1912. Yeye aliyeona kwa shida ndiye aliyewapa wengine kitabu cha kusoma.

Tutazame na mashamba ya Wamatengo, juu milimani Mbinga. Wanaume hukata majani na kuyapanga miraba miraba. Wanawake huchimba udongo katikati na kuyafunika. Ndipo hupatikana matuta na mashimo, na kilimo hicho huitwa ngoro. Mgeni akipita aweza kusema, "Mashimo haya yameharibu shamba." Lakini mvua kubwa ikinyesha, maji hutuama mashimoni, yasipate kuuporomosha udongo mtelemkoni. Maharagwe na mahindi humea juu ya tuta, nalo shimo huyalinda. Ukilifukia ili shamba lipendeze macho, mvua itachukua udongo na mbegu pamoja.

Ndivyo lilivyo Kanisa. Upungufu wa mmoja ni nafasi ya upendo wa mwenziwe. Asiyeona hushikwa mkono, na amshikaye hujifunza kwenda polepole. Mtu wa pwani ana usipa, mtu wa milimani ana maharagwe. Wakikutana sokoni hawachekani kwa kukosa, bali hubadilishana. Mbona kanisani tuchekane?

Lakini kuchukuliana si kuita dhambi wema. Mwizi na aonywe, mlevi na aonywe, kwanza kwa faragha, kama Bwana wetu alivyofundisha. Bali kigugumizi si dhambi. Kusema Kiswahili kwa lafudhi ya Kimatengo au ya Kimpoto si dhambi. Uzito wa kujifunza si dhambi. Tukiyachanganya mambo haya mawili, twamhukumu mtu pasipo haki, tena twamfungia mlango ambao si wetu.

Ninyi waalimu, mtoto aliye mzito mpeni somo lake mapema alizoee, asije akaaibika mbele ya wenzake. Na atakapomaliza, mwacheni aketi kwa heshima kama yule aliyesoma upesi. Ninyi wazazi, msiige usemi wa jirani jioni mkiota moto, watoto wakacheka. Maana dharau hufundishwa nyumbani kwanza, ndipo hupelekwa kanisani. Nanyi waimbaji, mzee asiyeshika sauti msimsukume nyuma. Yeye alikuwa akiimba kabla ninyi hamjazaliwa.

Na ikiwa katika mtaa wetu yuko mtu aliyeacha kuja kwa sababu ya kuchekwa, tusingoje arudi mwenyewe. Twende kwake juma hili, wawili au watatu, tumwombe radhi, tuketi naye na kula naye. Jumapili tufuatane naye njiani, na tukifika kanisani tuketi karibu naye.