Mwendo wa Protini na Utendaji wa Kimeng'enya: Dihidrofoleti Riduktesi na Usugu wa Malaria dhidi ya SP Nchini Tanzania

1. Utangulizi

Kati ya mwaka 2001 na 2006, mgonjwa wa malaria wa Sigino, katika mji wa Babati mkoani Manyara, alitarajiwa kutibiwa kwa SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini, kama ilivyokuwa kote Tanzania Bara. Dawa hiyo ilichukua nafasi ya klorokwini, kisha nayo ikaipisha dawa mseto ya ALu kwa sababu vimelea vilikuwa vimejenga usugu. Hata hivyo, SP ingali inatumika nchini kuwakinga wajawazito. Makala haya yanachunguza iwapo usugu huo unaelezeka kwa umbo la kimeng'enya pekee, au pia kwa mwendo wake.

2. Umbo la kimeng'enya na mipaka ya maelezo yake

Pirimethamini huziba dihidrofoleti riduktesi (DHFR), kimeng'enya kinachotayarisha foleti inayohitajika katika utengenezaji wa DNA. Katika vimelea sugu vya Plasmodium falciparum, mabadiliko hutokea hasa katika nafasi za 51, 59 na 108 za kimeng'enya hicho. Katika nafasi ya 108, serini hubadilishwa na asparajini, ambayo ni kubwa zaidi na huisukuma dawa. Muundo uliochapishwa mwaka 2003 ulithibitisha maelezo hayo. Hata hivyo, muundo wa fuwele ni picha tuli. Kimelea sugu hakina budi kuizuia dawa na wakati huohuo kubaki na kimeng'enya kinachofanya kazi. Sharti hilo la pili ndilo linaloibua suala la mwendo.

3. Namna mwendo unavyopimwa

Spektroskopia ya mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu (NMR) hutumia protini iliyotengenezwa na bakteria waliolishwa naitrojeni-15. Protini hiyo huwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu, na karibu kila asidi amino hutoa ishara yake. Sehemu ya protini inapobadilika kati ya maumbo mawili kwa kasi ya milisekunde, ishara yake hufifia haraka zaidi. Kwa kubadili kasi ya mapigo ya mawimbi ya redio, mtafiti hukadiria kasi ya mabadiliko hayo na kiasi cha umbo adimu, hata likiwa ni asilimia chache tu ya protini yote.

4. Ushahidi na mjadala

Mwaka 2006, Boehr, McElheny, Dyson na Wright walipima DHFR ya bakteria Escherichia coli katika hatua tano za mzunguko wake wa kazi. Walibaini kuwa katika kila hatua kimeng'enya hupitia, kwa muda mfupi, umbo linalofanana na la hatua iliyotangulia au inayofuata. Aidha, kasi ya mwendo huo ililingana na kasi za hatua za mzunguko, ikiwemo utokaji wa zao, ambao hutokea takriban mara 12 kwa sekunde.

Mwaka 2011, Bhabha na wenzake walibadili asidi amino za nafasi za 23 na 148. Mwendo wa milisekunde katika eneo la kazi ulitoweka, na uhamishaji wa hidridi ukapungua. Hata hivyo, mwaka 2012 Loveridge na wenzake walipinga tafsiri hiyo, wakidai kuwa badiliko hilo liliathiri mpangilio wa chaji katika eneo la kazi, si mwendo unaoendesha mmenyuko. Hivyo basi, uhusiano kati ya mwendo na kasi haujawa uthibitisho wa chanzo na matokeo.

5. Hitimisho

Matokeo ya bakteria hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa kimelea. DHFR ya E. coli ina asidi amino 159, ilhali ya P. falciparum imeungana na kimeng'enya kingine katika mnyororo wa asidi amino 608, na minyororo hiyo hukaa miwilimiwili. Protini kubwa huzunguka polepole, na ishara zake hufifia kabla ya kupimwa vyema. Kwa hiyo hulazimu kutumia hidrojeni nzito na kuwekea alama vikundi vya methili.

Kipimo kinachofaa ni kulinganisha kimeng'enya cha kawaida na kile sugu, pamoja na dawa na bila dawa. Iwapo mwendo haubadiliki, maelezo ya umbo yanatosha, na dawa zenye mnyororo unaonyumbulika, kama P218, zina msingi imara. Iwapo unabadilika, dawa inayolenga umbo moja tu inaweza kupitwa tena, kama SP ilivyopitwa.