Upatanisho wa Kisarufi katika Darasa la Mtandaoni: Kiswahili ndani ya Mfumo wa Kusimamia Ujifunzaji

Mfumo wa kusimamia ujifunzaji ni programu ya kompyuta ambayo chuo huitumia ili maandiko, kazi, majaribio, majadiliano na alama za somo moja vikae mahali pamoja. Mwalimu huweka humo muhtasari wa somo na matini za kusoma. Mwanafunzi huingia kwa jina lake na neno la siri, husoma, hujibu, huwasilisha, kisha huona alama alizopata. Mifumo ya namna hii ni mingi, ikiwamo Blackboard, Canvas na Sakai. Unaozungumziwa hapa ni Moodle, uliobuniwa na Martin Dougiamas mjini Perth, Australia, ambao toleo lake la 1.0 lilitolewa mwaka 2002. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hautozwi ada ya leseni, na kwa hiyo umepokewa na vyuo vingi vya Afrika Mashariki. Pili, msimbo wake uko wazi pamoja na maneno yake yote, hivyo mwanaisimu anaweza kuyachunguza kama anavyochunguza matini nyingine yoyote.

Sababu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi katika mhadhara huu. Fundi huuona mfumo kuwa ni mashine, na mtawala wa chuo huuona kuwa ni njia ya kupunguza gharama. Kwa mwanaisimu, mfumo ni matini: maelfu ya vichwa, amri, maonyo na taarifa fupi fupi, zilizoandikwa kwanza kwa Kiingereza na kwa mazoea ya sarufi ya Kiingereza. Mazoea hayo hayaonekani mpaka pale maneno yanapotafsiriwa katika lugha yenye ngeli.

Suala hili linawagusa walimu wa Kiswahili kuliko wengine. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kiswahili kimekuwa kikifundishwa kwa Kiswahili tangu idara yake ilipoanzishwa mwaka 1970, wakati masomo mengine mengi yakifundishwa kwa Kiingereza. Chumba cha mihadhara kilikuwa cha Kiswahili tangu mlangoni. Kenya, Uganda na Tanzania zilipofunga vyuo Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo ya mtandaoni, ambayo kabla ya hapo yalikuwa nyongeza, yalikuwa kwa baadhi ya vyuo njia pekee ya kuendelea kufundisha. Mwanafunzi wa fonolojia ya Kiswahili alijikuta akisoma mada kwa Kiswahili, kisha akiagizwa kwa Kiingereza namna ya kuiwasilisha kazi yake. Kiswahili kikabaki kuwa mada. Lugha ya kutendea ikawa nyingine.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa yake ni msamiati. Msamiati si tatizo kubwa. Mradi wa Kilinux, uliotoa programu ya OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, ulikwisha kuonyesha kwamba istilahi za kompyuta zinaweza kupatikana na kusanifiwa. Mabishano kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi ni ya kawaida katika lugha inayokua, na mwanafunzi hashindwi kufanya jaribio kwa sababu ya mabishano hayo. Ugumu uko kwenye sentensi.

Tundu katika sentensi

Waandishi wa programu hawaandiki kila sentensi nzima. Huandika kiunzi chenye tundu, na programu hulijaza tundu hilo kwa neno linalohitajika wakati huo. Kwa miaka mingi, mwalimu aliyetaka kuongeza shughuli katika Moodle alikutana na kichwa cha habari cha aina hiyo: kitenzi cha kuongeza, kivumishi chenye maana ya -pya, kisha tundu la jina la shughuli. Kwa Kiingereza kiunzi kimoja kinatosha, kwa kuwa kivumishi chake hakibadiliki hata kama tundu litajazwa jaribio, kazi, kitabu au ukurasa.

Kwa Kiswahili, mfasiri analazimika kuchagua umbo moja la kivumishi kabla ya kuijua nomino. Mara nyingi huchagua mpya. Akilijaribu kwa kazi, anapata kazi mpya. Kwa ukurasa, ukurasa mpya. Kwa mtihani, mtihani mpya. Kwa mtumiaji, mtumiaji mpya. Yote ni sahihi, na mfasiri huondoka akiwa ameridhika. Kosa hujitokeza baadaye, mwalimu anapofungua jaribio na kuona “jaribio mpya”, au anapofungua kitabu na kuona “kitabu mpya”.

Sababu ya udanganyifu huu inafaa kuelezwa, kwa kuwa ni somo zuri la mofofonolojia. Umbo mpya halina kiambishi kimoja. Katika mtihani mpya, m- ni kiambishi cha ngeli ya tatu, kilichokuwa mu-. Katika kazi mpya, m- ni nazali ya ngeli ya tisa. Nazali hiyo kwa kawaida hudondoka mbele ya konsonanti isiyo ghuna, ndiyo maana husemwa nyumba pana wala si “nyumba mpana”. Mbele ya mzizi wenye silabi moja kama -pya haidondoki, kwani bila ya nazali neno lingebaki na silabi moja tu. Viambishi viwili vyenye asili tofauti vimekutana katika sura moja, na kukutana huko ndiko kunakomfanya mfasiri aamini kwamba amepata umbo lisilobadilika.

Vitenzi havina huruma hiyo. Taarifa kwamba kitu fulani kimefutwa hudai kiambishi cha nafsi kinacholingana na nomino iliyomo tunduni: kazi imefutwa, jaribio limefutwa, kitabu kimefutwa, ukurasa umefutwa, mtumiaji amefutwa. Hapa mfasiri hana pa kujificha.

Zipo programu zenye utaratibu wa kutofautisha umoja na wingi, na Moodle nayo huhifadhi taarifa kadhaa kwa maumbo mawili, moja kwa ajili ya ujumbe mmoja ambao haujasomwa na jingine kwa zaidi ya mmoja. Utaratibu huo unakifaa Kiswahili pale nomino inapojulikana. Mfasiri ataandika ujumbe 1 usiosomwa na jumbe 5 zisizosomwa bila ya shida. Unaangalia idadi, lakini hauangalii ngeli. Bahati iliyopo ni kwamba tarakimu hufunika upatanisho: majaribio 3 na kazi 3 huandikwa kwa namna moja. Programu ya kumsomea mwanafunzi asiyeona itahitaji kujua kwamba la kwanza ni matatu na la pili ni tatu.

Njia iliyo salama ni kuipa sentensi nomino mwavuli ambayo mfasiri mwenyewe ameichagua, na kulisogeza tundu nje ya upatanisho. Badala ya kuongeza kivumishi kwenye neno lisilojulikana, huandikwa “Shughuli mpya: Jaribio”. Kivumishi kinapatana na shughuli, na neno lolote litakaloingia tunduni halitaharibu kitu. Vivyo hivyo, “Shughuli imefutwa: Kitabu”. Lugha ya namna hii ni kavu na inafanana na stakabadhi ya duka. Hata hivyo ni Kiswahili, nayo ni bora kuliko ufasaha unaoteguka kila baada ya neno la tatu mbele ya wanafunzi wanaofundishwa upatanisho wa kisarufi.

Haki inadai pia kutaja pale ambapo Kiswahili kina wepesi. Wafasiri wa Kifaransa na wa Kiarabu huhangaika na jinsia ya mtumiaji, kwa sababu programu haijui kama aliyewasilisha kazi ni mwanamume au mwanamke. Kwa Kiswahili, amewasilisha yatosha kwa wote.

Nani anamwamuru nani

Kiingereza hutumia umbo moja la kitenzi kwenye kitufe na kwenye agizo. Kwenye kitufe, mwanafunzi ndiye anayeiamuru mashine: Hifadhi, Futa, Tafuta. Kwenye agizo, mashine, kwa niaba ya mwalimu, ndiyo inayomwambia mwanafunzi achague jibu au apakie faili. Tafsiri nyingi huziweka hali hizi mbili katika amri kavu ileile. Kiswahili kinaruhusu zitenganishwe: amri kwa mashine, na dhamira tegemezi kwa mtu, yaani “Tafadhali uchague jibu moja”. Mwalimu wa Kiswahili hamwambii mwanafunzi wa chuo “Chagua!” akiwa amesimama mbele yake, na hakuna sababu ya kumwachia mfumo ukose adabu kwa jina lake.

Marekebisho ya aina hii hayahitaji mtaalamu wa programu. Tafsiri za Moodle huandaliwa kwa kiasi kikubwa na watu wanaojitolea, na sentensi ambayo haijatafsiriwa huonekana kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili. Zaidi ya hayo, msimamizi wa mfumo wa chuo anaweza kubadili neno lolote kwa ajili ya chuo chake pekee. Idara ya Kiswahili ikimpa msimamizi huyo orodha iliyohaririwa ya sentensi mia moja zinazoonekana na mwanafunzi kila siku, sura ya darasa itabadilika.

Jibu fupi na alama ya mwanafunzi

Jambo lililo zito zaidi ni usahihishaji, kwa kuwa hapo kosa la lugha hugeuka kuwa alama. Katika swali la jibu fupi, Moodle hulinganisha maandishi ya mwanafunzi na majibu yaliyoorodheshwa na mwalimu. Haiangalii maana wala haitafuti mofimu, inalinganisha herufi. Mwalimu akiuliza kiambishi cha ngeli katika neno kiti, majibu yatakuja kwa sura za ki, ki- na KI. Anaweza kuuagiza mfumo usitofautishe herufi kubwa na ndogo. Kistari ni juu yake mwenyewe: asipokiorodhesha, mwanafunzi aliyeandika kiambishi kwa kistari, kama alivyofundishwa, atakosa alama. Ipo alama ya nyota inayosimama badala ya herufi zozote, lakini akiandika ki na kuizungushia nyota pande zote mbili, mfumo utakubali kitabu, na hata pikipiki.

Mfano wa ng’ombe unaonyesha hatari hiyo vizuri zaidi. Ritifaa ya ng’ ni sehemu ya tahajia ya Kiswahili, si pambo. Kicharazio cha kompyuta kwa kawaida huiandika wima. Baadhi ya simu huigeuza ikapinda zenyewe. Kwa jicho la binadamu ni alama ile ile. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na mwanafunzi aliyejibu kwa simu anaweza kupewa sifuri kwa neno aliloliandika sawasawa. Wanaojibu kwa simu aghalabu ni wale wasio na kompyuta, hivyo kosa hili haliwapati wanafunzi wote kwa usawa.

Kuna pia tofauti za mapokeo. Mwanafunzi mmoja ataiita ngeli ya KI-VI, mwingine ataiita ngeli ya 7/8. Mmoja ataandika nomino, mwingine jina. Darasani mwalimu husikia na kukubali bila ya kufikiri. Katika mfumo, ukubali wake lazima uandikwe kabla, jibu moja baada ya jingine.

Kwa hiyo jaribio la jibu fupi halimaliziki siku linapofungwa. Mfumo humwonyesha mwalimu majibu yote yaliyoandikwa, pamoja na yale yaliyokataliwa. Akiyapitia, atakuta miongoni mwake yaliyo sahihi. Huyaongeza katika orodha ya swali, kisha huagiza alama zihesabiwe upya, na wanafunzi wote waliojibu hivyo hurekebishiwa kwa mkupuo mmoja. Inafaa kazi hiyo ifanywe kabla alama hazijapelekwa kwa mtahini wa nje.