Jasho la Utu Uzima

Mama wa miaka 49 aliingia chumba changu cha matibabu akiwa na kanga mbili mwilini na ya tatu mkobani, ya kujifutia jasho. Alikuwa ameacha kwenda kwenye kikoba, kwa kuwa kila akikaa katikati ya wenzake uso huwaka na mgongo kulowa. Mara tatu alikunywa dawa ya malaria, ingawa kipimo hakikuonyesha vimelea. "Dokta, mwenzio naoga mara nne kwa siku na bado nanuka."

Hakuwa mchafu. Jasho linapotoka karibu halina harufu. Tezi nyingi za ngozi hutoa maji na chumvi za kupoza mwili, basi. Za kwapani na kinenani ni za aina nyingine: majimaji yake ni mazito, bakteria wa ngozi huyala, na mabaki ya mlo huo ndiyo kikwapa. Kujisugua mpaka kuchubuka hakuwamalizi. Kupaka ndimu ndiko kunakoniuma zaidi, maana nimeona makwapa yaliyobabuka; maji yake huchoma ngozi iliyonyolewa, na yakipigwa na jua huacha mabaka meusi.

Jasho lenyewe lilitokana na umri wake. Hedhi hukoma kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, lakini misukosuko huanza mapema, hedhi ikiwa bado inakuja. Homoni ya estrojeni ikishuka, sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto likipanda kidogo tu, mishipa ya ngozi hutanuka na jasho humwagika. Dakika chache baadaye mtu anatetemeka kwa baridi. Hali hii yaweza kudumu miaka kadhaa.

Kwapa lioshwe kwa sabuni ya kawaida asubuhi na jioni, kisha likaushwe barabara. Deodoranti hupunguza harufu tu. Anayelowa anahitaji dawa ya kuzuia jasho, yenye chumvi za alumini. Ipakwe usiku, ngozi ikiwa kavu, kwani wakati huo tezi zimetulia na chumvi hupata nafasi ya kuziba mirija yake. Shabu ya bibi zetu nayo ni chumvi ya alumini, wazee hawakubahatisha. Ila kufukiza nguo udi si kuzifua. Madera mengi ya siku hizi ni ya poliesta, hushika harufu hata yakifuliwa, hivyo yageuzwe ndani nje na kusuguliwa kwapani, au zivaliwe nguo za pamba. Pilipili na chai ya moto huchokoza joto kwa baadhi ya wanawake. Likizidi, zipo tiba za homoni na zisizo za homoni. Daktari aulize kwanza kuhusu saratani ya matiti na damu kuganda.

Lakini mwenye jasho la usiku pamoja na kikohozi, homa au kukonda apimwe kifua kikuu. Moyo ukienda mbio, ipimwe tezi ya shingo. Mwenye kisukari anayetumia insulini akitoka jasho la baridi na kutetemeka, apewe kitu cha sukari hapo hapo.

Vipimo vya yule mama vilikuwa safi. Mwezi uliofuata alikuja na mumewe, aliyetaka kuelezwa yote upya. Nyumbani wameshabadilishana pande za kitanda. Sasa mama ndiye anayelala dirishani.