Omar Yaghi na vyumba visivyoonekana vinavyonasa maji ya hewani

Anayekaa Muscat au Dubai anaijua ndoo inayowekwa chini ya bomba la AC. Mwezi wa nane asubuhi unaikuta imejaa. Maji yale yametoka hewani: AC imeipoza hewa yenye unyevu, unyevu ukawa matone. Sasa nenda kajaribu hayo hayo katikati ya Rub' al-Khali, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Unyevu umo, ila ni haba, na kuupata kwa kupoza hewa kunakula umeme mwingi mno.

Njia nyingine imetokana na kazi iliyompa Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025, pamoja na Susumu Kitagawa wa Japani na Richard Robson wa Australia.

Yaghi ni wa kwetu huku, kwa maana pana. Alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, wazazi wake wakimbizi wa Kipalestina. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, watoto na mifugo humo humo, umeme hakuna, bomba hakuna. Mwenyewe amesimulia kwamba maji yalikuja mtaani saa chache tu kila wiki moja au mbili. Alipokuwa na miaka 10 alijipenyeza kwenye maktaba ya shule, ambayo kwa kawaida ilikuwa ikifungwa, akakuta kitabu chenye michoro ya ajabu asiyoielewa. Ilikuwa michoro ya molekuli. Alipofika miaka 15, baba yake akamtaka aende Marekani kusoma.

Lakini wazo lenyewe lilianzia mbali na Amman. Mwaka 1974 Robson alikuwa akiwatayarishia wanafunzi wake wa Melbourne mifano ya molekuli kwa mipira ya mbao. Fundi alipaswa kuitoboa mipira ile mahali maalumu ili vijiti viingie. Robson akatazama akaona kumbe matundu tayari yanajua umbo litakavyokuwa: chomeka tu, kitu kinajitokeza. Akajiuliza, je, atomu zenyewe haziwezi kufanya hivyo bila ya mkono wa mtu?

Hapo ndipo metali inapoingia. Ayoni ya shaba, zinki au alumini, yaani chembe ya metali yenye chaji ya umeme, haiwashiki jirani zake ovyo ovyo. Ina pembe zake. Fundi bomba atanielewa: elbo inakupa kona, tii inakupa njia tatu. Ukishachagua kiungo, mabomba hayana hiari tena. Makoto Fujita wa Japani alionyesha jambo hili wazi mwaka 1990. Alichukua paladi iliyoachiwa pembe mraba, akatia molekuli zilizonyooka kama vijiti, na ndani ya maji vikajipanga vyenyewe kuwa mraba: kona nne, vijiti vinne. Mwaka 2016 kundi lake likafikia tufe lenye uwazi ndani, ayoni 48 za paladi na vijiti 96. Vipande 144, na hakuna aliyevishika hata kimoja!

Vipi havikosei? Vinakosea, tena sana. Ila mshiko wa metali si gundi. Unashika na kuachia. Kipande kilichokaa upande kinabanduka, kinajaribu tena, mpaka kipate pahali pa kutulia. Kwangu mimi hilo ndilo la kustaajabisha kuliko yote.

Sasa, kinachoachia kirahisi kinaweza pia kubomoka kirahisi. Nyumba alizozijenga Robson kwa ayoni za shaba mwaka 1989 zilikuwa na vyumba vikubwa ndani, lakini hazikuwa imara. Kitagawa akaonyesha mwaka 1997 kwamba gesi inaweza kuingia na kutoka bila nyumba kuanguka. Yaghi mwaka 1999 akatumia vishada vya zinki badala ya ayoni moja moja, akapata MOF-5, inayostahimili nyuzi joto 300 hata ikiwa tupu. Gramu chache tu za unga huo zina kuta ambazo ukizitandaza zinajaza uwanja wa mpira.

Chumba kikiwa cha kipimo sawa, kinachagua mgeni wake. MOF-303, iliyojengwa kwa alumini, inapenda molekuli za maji. Usiku hewa ikipoa inayanasa. Mchana joto linayatoa. Kwenye jangwa la Mojave, Marekani, majaribio yaliyotangazwa mwaka 2019 yalipata lita 0.7 kwa kila kilo ya unga kwa siku, unyevu ukishuka hadi asilimia 10.

Lita 0.7, jamani, haijazi hata chupa kubwa. Familia inayotaka lita 10 za kunywa na kupikia itahitaji kilo 14 hivi, na ya kuoga na kufulia hayamo. Anayedhani mitambo ya kusafisha maji ya bahari itafungwa kesho anajidanganya. Lakini Ghuba yetu imeegemea mno mlango mmoja. Mwaka 2008 na 2009 vijidudu vya baharini viliyageuza maji kuwa mekundu, na baadhi ya mitambo ikabidi isimame. Nyumba yenye chanzo chake cha maji ya kunywa, hata kidogo, haitishiki vile.

Waarabu wameiona kazi hii mapema: Yaghi alipata Tuzo ya Mfalme Faisal mwaka 2015, na Saudia ikampa uraia mwaka 2021. Kilichobaki ni bei. Kifaa cha mwaka 2017 kilitumia zirkoni, metali ya ghali. Alumini ni ile ile ya sufuria za jikoni.