Chuo Jirani, Nafasi Mbali

Kwa wakazi wa Kisumu, hospitali kuu ya rufaa ni "Russia" tu. Jina lake rasmi ni la Jaramogi Oginga Odinga, bali wazee hawajasahau kwamba ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti katika miaka ya 1960, na wajukuu wamelirithi jina hilo. Humo ndimo wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno wanamojifunzia. Binti wa mtaa wa Kaloleni aendaye kliniki na mamake huwaona wakipita na makoti yao meupe, akatamani. Nasi humwambia, "InshaAllah, chuo si kiko hapa hapa?"

Kiko, lakini ukaribu wake haumwongezei hata nukta moja. Marekani, vyuo vingi vya udaktari vya jimbo huwapendelea wenyeji wa jimbo. Kwetu Kenya, KUCCPS, inayowapangia wanafunzi vyuo, haiwatengei watoto wa Kisumu nafasi za Maseno. Binti wa Kaloleni yumo katika foleni moja na wenzake wa kwingineko. Humo hupimwa masomo maalumu, Bayolojia na Kemia yakitangulia, pamoja na matokeo ya jumla ya kidato cha nne, na alama hazizidi 48.

Lisilojulikana na wazazi wengi ni kwamba kikomo cha kuingia hakiwekwi mapema. Ni alama za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi. Wakijitokeza wengi wenye A, kikomo hupanda. Cha mwaka jana ni dalili, si ahadi.

Hapa ndipo familia zinapoumia. Tumeona machaguo ya mabinti yaliyojaa udaktari tangu la kwanza hadi la mwisho, kwa kuwa baba keshaanza kumwita binti "daktari" mbele ya watu. Anapokosa kwa nukta chache, nyumba hugeuka ya matanga, ilhali mtoto amefaulu vizuri mno! Kabla ya 1967, udaktari ulipoanza kufundishwa Nairobi, kijana wa ziwa alilazimika kwenda nje ya nchi, kama vile Makerere, Uganda. Leo milango ni mingi kuliko tunavyokiri.

Uuguzi ni mlango. Utabibu wa stashahada katika KMTC, yenye kampasi papo hapo Kisumu, ni mlango pia. Katika vituo vingi vya afya kando ya ziwa, mgonjwa hupokewa na muuguzi au tabibu, wala hamwoni daktari kabisa. Mama anayestahi kufunuliwa mbele ya mwanamume humtafuta mwanamke mwenziwe hapo kituoni, naye hamwulizi ana shahada au stashahada.

Machaguo hufanywa kwenye tovuti ya KUCCPS, na huwapo awamu ya kuyarekebisha. Tuketi na binti matokeo yakiwa mezani, tusome alama za kila somo, kisha tumwachie yeye aseme kwanza, baba akisikiliza.